Kwa Mgambo

Nyumba yetu ya Dunda ina jina, na jina hilo ndilo lililotaka kumkosesha mjukuu wangu mume.

Inaitwa "kwa Mgambo". Siyo kwa Bi Mwanahija, ambaye ndiye mimi, ninayeipaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Siyo kwa Twalib, mwanangu, aliyeondoa makuti akaezeka bati. Ukimwambia kijana wa bodaboda akupeleke kwa Bi Mwanahija atakuuliza yupi, maana akina Mwanahija Dunda tumejaa. Ukimwambia kwa Mgambo atakushusha mlangoni bila swali.

Jumamosi ile tulikuwa tunangoja wageni wa kuleta posa. Mjukuu wangu Sabiha, binti wa Twalib, ni fundi cherehani, na alikuwa amependana na kijana mmoja anaitwa Mikdad, mchomeleaji wa mageti pale mjini. Kijana wa Msata, ana adabu. Akinisalimia huvua kwanza ile miwani yake nyeusi ya kazi, akaiweka kwapani, ndipo akasema shikamoo. Baba yake alikwishafariki. Mwenye kauli kwao ni mama yake, Batuli, na mshenga ni mjomba wake, Shuaibu.

Zuleha, mama yake Sabiha, alipika pilau ya kuku. Mimi nilitengeneza kachumbari, na kachumbari yangu si ya haraka. Kitunguu nakikata chembamba hadi unaona kisu upande wa pili, nakifikicha kwa chumvi, nakikamua, nakiosha, halafu nakionja. Kikiniuma ulimi nakiosha tena. Tulitandika mkeka mpya sebuleni, ambao ukili wake niliusuka kwa mkono wangu, rangi ya zambarau na kijani. Twalib alivaa kanzu aliyoivaa siku ya ndoa yake, ikawa imembana kidogo tumboni.

Ikaadhiniwa adhuhuri, wageni hawajaja. Ikaadhiniwa alasiri. Pilau ikaanza kushika ukoko, na nzi wakawa wanakaribishana wenyewe.

Mara Mikdad akaingia, peke yake. Akapeleka mkono usoni kuvua miwani ambayo hata hakuivaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Wageni wako wapi?"

"Hawaji, Bibi."

"Wamepata dharura?"

Alitazama mkeka, akatazama sahani za pilau, akasema kwa sauti ya mtu anayetapika mwiba: "Mama amekataa. Anasema kwenye nyumba ya mgambo yeye hapeleki mguu."

Hapo ndipo tukajua yaliyotokea. Juzi yake mjomba Shuaibu alikuwa amekuja Dunda kimyakimya, kuchungulia. Hilo si kosa. Mshenga yeyote mwenye akili huja kuchungulia nyumba kabla hajaleta mdomo wake. Kosa ni kwamba aliulizia kijiweni kwa bodaboda.

Siku ya pili nilikwenda mwenyewe kijiweni kumhoji kijana aliyeulizwa, anaitwa Najim.

"Wewe ulimwambia nini yule mzee?"

"Nilimwonyesha nyumba tu, Bibi. Nikamwambia ile pale, kwa Mgambo. Akaniuliza, mgambo yupi? Nikamwambia mgambo wa zamani huyo, hatari. Akipita mtaani, mji mzima unatoka nje."

"Na hukumwambia kuwa alikuwa mpiga mbiu?"

"Bibi, mimi nimezaliwa nimekuta panaitwa hivyo. Nilijua alikuwa anapiga tu. Sikujua anapiga nini. Nilidhani watu."

Basi ngoja nieleze, maana najua wapo wengi kama Najim.

Babu yangu, Mzee Bwanausi, alikuwa na pembe la nyati lililotobolewa ubavuni. Pembe hilo ndilo mbiu. Ile habari inayotangazwa baada ya kulipuliza ndiyo ilikuwa mgambo. Ndiyo hivyo tu, mgambo lilikuwa tangazo, halikuwa mtu. Liwali akitaka watu wakafyeke njia, Babu alisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akatia kofia, akatoka. Kona ya msikiti, anapuliza. Kona ya mwembe dodo, anapuliza. Watu wakitoka nje anawapigia mgambo wao: kesho kila nyumba itoe jembe moja na mtu wa kulishika. Au mwezi umeonekana. Au mbuzi wa fulani amepotea, ana sikio moja, mwenye kumla atakiona. Uzeeni meno ya mbele yalimtoka, pumzi ikawa inavujia pembeni, mbiu ikawa inalia kama bata mgonjwa. Lakini watu walitoka vilevile. Wengine walitoka kuja kucheka, ila tangazo walilisikia, na yeye alisema hiyo ndiyo kazi.

Alipokufa, mbiu akazikwa nayo? Hapana, dini hairuhusu. Iliozea darini ikaliwa na wadudu. Kilichobaki ni jina la nyumba.

Halafu neno lenyewe likahama. Nilipokuwa msichana, nchi yetu changa, wakatuita uwanjani kufunzwa uaskari, raia wote, wake kwa waume. Jeshi lile likaitwa la mgambo, nadhani kwa sababu lilikuwa jeshi la kuitwa: ukisikia mwito, unatoka. Mimi na shoga yangu Bimdogo, jirani yangu hadi leo, tulikuwamo. Tulipewa bunduki za mbao. Ya kwangu ilichongwa kwa mbao ya mkorosho, ikanichoma vibanzi begani mpaka mama akaishonea kitambaa. Wenzetu wengine baadaye walikwenda vitani kwelikweli, na si wote waliorudi. Siku hizo mtu akisema "mimi mgambo" alisema kifua mbele.

Sasa mwambie leo muuza mahindi ya kuchoma neno hilo hilo moja, mgambo, kwa sauti ya chini kabisa. Usimalize. Utamwona anakunja jiko likiwa na moto wake.

Ndilo neno alilopeleka Shuaibu Msata: wale watu wa virungu wanaowafukuza wachuuzi barabarani.

Turudi sebuleni. Mikdad alikuwa bado amesimama.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" Twalib akamuuliza.

"Mimi, baba, Sabiha ndiye ninayemtaka. Lakini mama akisema hapana, siwezi kwenda mbele."

Pazia likafunguka. Sabiha alikuwa nyuma yake muda wote, amejipamba, wanja umekaa sawasawa.

"Kama huwezi kwenda mbele rudi nyuma," akasema. "Barabara ya Msata unaijua."

Akapita katikati yetu, akaenda kwenye cherehani yake barazani, akaanza kushona. Nilimfuata baada ya kitambo. Mashine ilikuwa inakimbia, mguu unakanyaga, kitambaa kinapita chini ya sindano, na uzi hamna. Alikuwa anakitoboa tu. Nikakaa kando yake mpaka alipochoka. Nimelea watoto wengi, najua mtu akishona bila uzi hahitaji nasaha.

Siku chache zikapita. Mikdad akawa anapita mtaa wa nyuma. Sabiha akawa hali, akisema ameshiba, na hakuna aliyemwona akila. Nikamwita Bimdogo.

"Nataka kwenda Msata," nikamwambia.

"Kufanya nini? Upande wa mwanamke uende kuulizia posa? Watatuimba mpaka Idi."

"Siendi kuulizia posa. Nakwenda kununua machungwa. Mama yake Mikdad anauza machungwa pale wanaposimama mabasi."

"Machungwa hapa Dunda yanaoza kwa wingi."

"Ya Msata matamu zaidi. Nimeamua leo."

Bimdogo akacheka, akaenda kuvaa.

Nilikuwa nafunga mtandio Sabiha aliponiona.

"Bibi, machungwa gani hayo yanayonunuliwa kwa baibui la Idi?"

"Machungwa ya heshima."

Hakucheka. "Usimwombe mtu anioe."

"Siombi."

"Na usimdanganye. Kama ananikataa, anikatae kwa jambo la kweli."

"Nimdanganye kitu gani mie?"

Akajibu neno moja tu: "Baba."

Nikakaa kitandani. Sikujua kama mtoto anajua. Maana Twalib, kabla hajaoa, alikwenda kufanya mafunzo ya mgambo kwa sababu bila yale mafunzo kazi ya ulinzi ni shida kuipata. Na kabla ya kupata ulinzi, alichukuliwa muda fulani kwenye mji mmoja, pamoja na vijana wenziwe, kazi yao kuwaondoa wauzaji barabarani. Halafu akarudi nyumbani na mfuko mmoja, akala, akalala, asubuhi akatoka kutafuta kazi nyingine. Sasa analinda ghala la mbao huko Zinga. Sikupata kumuuliza. Nilijiambia mtu akitaka kusema atasema.

Kwa hiyo Shuaibu aliambiwa uongo kuhusu Babu, na bila kujua akawa amepatia kuhusu mwanangu.

Msata pale njia panda hapana utulivu. Malori yanapumua, mabasi yanasimama kama yamekasirika, na kila basi likisimama madirisha yake yanajaa mikono, mabeseni, mahindi ya kuchemsha, maji, karanga. Batuli sikumuuliza mtu. Nilimtambua kwa mwanya, ule ule wa Mikdad. Mwanamke mnene kiasi, kanga amezifunga mbili, moja kiunoni moja kifuani, ameketi nyuma ya meza anamenya machungwa kwa kisu, na ganda halikatiki, linateremka kama utepe mpaka chini. Nikamsifu moyoni. Mtu anayemenya hivyo si mtu wa papara.

"Shikamooni, bibi zangu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Biashara?"

"Inakwenda, alhamdulillahi. Kaeni hapo kwenye kivuli. Mnatokea wapi?"

"Bagamoyo," Bimdogo akadakia. "Dunda."

Kisu kikasimama.

"Dunda! Huko nilikuwa napeleka mwanangu akaoe, Mungu akaninusuru."

"Ulinusurika na nini?" nikauliza.

"Mgambo." Akalitema kama kokwa. "Ninyi wazee hamjui. Mimi nilikuwa nauza chapati, mji mwingine, siutaji. Mume wangu mgonjwa, na mimba ya huyo Mikdad imefika hapa. Wakaja. Wenzangu wakakimbia, mimi tumbo hili nikimbie nalo wapi? Mmoja akalipiga teke karai langu la mafuta. Yalikuwa ya moto. Bahati yalimwagikia upande wa pili. Ningekuwa nimekaa huku, nisingekuwa na mtoto wa kuozesha leo. Halafu niende nikale pilau kwa watu hao? Nikamwite mtu kama yule mkwe?"

Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga vizuri njia nzima, yote yakanitoka. Hata Bimdogo alinyamaza, jambo ambalo halitokei.

Mara ikapita bajaji yenye kipaza sauti juu. "Tangazo, tangazo! Wananchi wote mnatangaziwa, kesho asubuhi chanjo ya kuku, mlete kuku wenu, wa kienyeji na wa kizungu!" Watu wakageuka. Mwenye mahindi akaacha kupepea. Mpaka kondakta aliyekuwa anagombana na abiria alinyamaza asikie habari za kuku.

"Unamwona yule?" nikamwambia Batuli. "Yule ndiye mgambo."

"Yule? Yule mtu wa matangazo."

"Na babu yangu mimi alikuwa mtu wa matangazo. Ila hakuwa na betri, alikuwa na pembe. Tangazo lenyewe ndilo lililoitwa mgambo, wakati huo hakuna mtu wa virungu. Ndipo nyumba yake ikaitwa kwa Mgambo. Jirani zetu wameshasahau kwa nini, wanaita tu."

Batuli akaniangalia kuanzia mtandio hadi viatu. "Wewe bibi ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Sabiha ni mjukuu wangu."

"Na mmekuja kununua machungwa."

"Tumekuja kununua machungwa," Bimdogo akasema. "Matamu?"

Batuli akaanza kucheka. Alicheka tumbo likatikisika, akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Masikini kaka yangu Shuaibu! Alirudi hapa anatetemeka. Alisema, dada, huyo mgambo akipita mji mzima unatoka nje! Kumbe wanatoka kusikiliza!" Halafu akatulia kidogo, akawa kama analionja neno. "Si ndiyo? Kwetu Wazigua kusema ni kugamba. Mgambo. Nimelichukia miaka yote na limo kinywani mwa bibi yangu."

Bimdogo akaona mlango umefunguka, akaingia na viatu. "Hata sisi wawili tulikuwa mgambo! Wa bunduki!"

Nikamkanyaga mguu, lakini alikwishasema, ikabidi tueleze. Jinsi tulivyopiga kwata kwa kanga. Jinsi mkufunzi alivyotuambia adui yuko kusini, nasi tukaelekeza mbao zetu kusini jioni zote, na kusini kwetu ni Zinga, kwa hiyo tulikuwa tunawalenga shangazi zake Bimdogo wakiwa kwenye mihogo yao.

"Na mlifyatua?"

"Kwa mdomo," nikasema. "Bimdogo alikuwa hodari. Alilia pu! mpaka mbuzi wanakimbia."

Batuli akatumenyea chungwa kila mmoja, hakutaka kupokea kitu. Akasema, "Basi nimekosea. Nitamwambia Shuaibu. Muhimu ni kwamba hakuna mgambo kwenu. Hawa wa siku hizi. Hamna, siyo?"

Aliuliza kama mtu anayefunga fundo la mwisho, mkono uko tayari kulikaza. Ningekula chungwa langu tu. Bimdogo alikwishaanza: "Hamna bwa—"

"Yupo," nikasema.

Chungwa likamkwama Bimdogo.

"Yupo nani?"

"Mwanangu, Twalib. Baba yake Sabiha. Hivi sasa ni mlinzi. Ila zamani, alipokuwa kijana, alifanya kazi hiyo. Muda mfupi, lakini aliifanya."

Batuli alisimama. Kicheko kilimtoka usoni chote. "Mji gani?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe mama yake?"

"Sijamuuliza."

"Miaka yote hii hujamuuliza!" Akachukua kisu, akamenya, ganda likakatika, akatupa. "Mimi mama yake Mikdad nitampeleka mwanangu kwa mtu ambaye mama yake mzazi hajamuuliza?"

Liliniingia hilo. Mimi hujisifu kwa subira, watu wote wananisifu. Siku ile nikaona subira nyingine ni woga tu uliovaa baibui.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Aje. Mwenyewe, asitume mshenga. Aje hapa mezani kwangu, mchana, mabasi yakiwepo. Nimtazame."

Niliporudi nilimkuta Twalib anakula kabla ya kwenda lindo. Nilimweleza yote, neno kwa neno. Aliendelea kutafuna tonge lile lile muda mrefu.

"Alikuwa anauza nini?" akauliza.

"Chapati."

Akanawa mikono. "Nitakwenda kesho."

"Na mimi," Sabiha akasema kutoka jikoni.

Tukaenda watatu. Batuli hakutukaribisha kivulini. Alituacha tumesimama juani akawahudumia wateja wote kwanza, na mmoja alikuwa hataki kitu, alikuwa anauliza choo. Twalib ni mrefu, lakini pale alijikunja kama mtu anayepita mlango mfupi.

"Mji gani?" Batuli akamuuliza hatimaye.

Twalib akautaja. Sitautaja hapa. Nikamtazama Batuli mdomo.

"Sio," akasema, na mabega yakamshuka. "Sio ule. Haya. Ulifanya nini huko?"

"Nilichukua vitu vya watu."

"Vitu gani?"

"Meza. Mzani wa dada mmoja wa dagaa. Tulikuwa tunavitupa kwenye gari."

"Wenyewe unawajua?"

"Hapana, dada. Nikikutana nao siwezi kuwatambua. Wao nadhani wananitambua."

"Wanakutambua," Batuli akasema. "Mimi wangu namjua mpaka kiatu."

Sabiha alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka kusema kitu cha kumtetea mwanangu, nikajizuia. Hakuja ili nimtetee.

"Kwa nini uliacha?" Batuli akauliza. "Usiniambie uliona huruma. Wote siku hizi wanasema waliona huruma."

"Sikuona huruma. Nilikimbizwa."

"Ulikimbizwa?"

"Kulikuwa na bibi mmoja wa chai na maandazi, mdogo hivi. Nilichukua birika lake. Akaacha biashara yote, akanikimbiza na mwiko. Nikadhani atachoka. Hakuchoka. Tulipita stendi, tukapita soko la samaki, watu wanampigia makofi yeye. Chai inanimwagikia miguuni, ya moto, nami siachi birika, sijui kwa nini sikuliacha. Mwisho nikaingia msikitini."

"Na birika?"

"Na birika. Yeye akasimama nje. Akaniambia, toka. Nikasema sitoki. Akasema, basi swali, mimi nangoja. Ikabidi niswali, dada, na haikuwa wakati wa sala yoyote. Nilipotoka alikuwa ameketi kwenye ngazi. Nikampa birika lake. Akanipiga mwiko mmoja, hapa." Akagusa paji la uso. "Akaondoka. Kesho yake nikarudisha sare."

Batuli alikuwa ameuma midomo. Nilimwona akijitahidi. Alitazama malori, akatazama angani, akatazama machungwa yake.

"Ulisali rakaa ngapi?" akauliza.

"Mpaka nikachoka mimi."

Basi ikamshinda. Alianguka juu ya meza kwa kicheko, machungwa yakabingirika, jirani yake wa karanga akaja mbio akidhani ameugua. "Mwacheni," akawa anasema, "mwacheni, huyu amekimbizwa mpaka msikitini!" Na Sabiha naye, aliyekuwa hali wala hacheki wiki nzima, akaziba uso kwa mtandio akicheka na kulia kwa pamoja, akamwambia baba yake, "Na ile alama ulituambia ulipigwa na nazi!"

"Nazi ilikuwa na heshima zaidi," Twalib akasema.

Batuli akajifuta machozi. Akawa makini tena, lakini siyo kama mwanzo.

"Sikiliza, mkwe wangu. Sijakusamehe kwa niaba ya yule wa dagaa. Hiyo si yangu kutoa. Lakini umekuja, na umesema, na hukujipamba." Akataka kuendelea, ila mabasi yaliingia kwa mkupuo, moja nyuma ya jingine, na wauzaji wote wakaondoka mbio. Batuli akashika goti lake, akaguna, akanyakua beseni la machungwa yaliyomenywa akamsukumia Twalib kifuani. "We mgambo! Goti langu halikimbii leo. Nenda!"

"Niende wapi?"

"Dirishani! Unadhani yatajiuza?"

Twalib akaenda. Akasimama chini ya dirisha, kanzu na kofia yake, akasema kwa upole, "Samahani, kuna anayehitaji chungwa?" Wenye mahindi wakamsukuma kando.

"Piga kelele!" Batuli akamwita. "Una sauti ya nini wewe?"

Twalib akavuta pumzi, akaachia: "Machunguuuwa!" Basi zima likageuka. Sabiha akachukua mifuko akamkimbilia, akawa anafunga, baba anapokeza juu. Kumbe mtu mrefu ana faida kwenye madirisha ya mabasi.

Batuli akavuta kigoda akaniketisha kivulini.

"Jumamosi tunakuja," akaniambia. "Mimi na Shuaibu, na Mikdad mwambie aache kupita mitaa ya nyuma, nimesikia. Lakini huyo Twalib wako akae karibu nami. Bado nina maswali."

"Atakaa," nikasema. "Na mimi nina yangu ya kumuuliza."

Basi likaanza kuondoka na mama mmoja dirishani akapiga ukelele, alikwishalipa na mfuko wake hajapata. Twalib akaukwapua mkononi mwa Sabiha, akapandisha kanzu hadi magotini, akalifukuza basi barabara ya Segera, machungwa yakimdondoka nyuma moja moja, na watoto wa pale wakiyaokota.

"Anafika?" Batuli akauliza, akikinga jua kwa mkono.

"Sijui," nikamwambia. "Ila kukimbia anajua."